Mtumishi Anapohama: Kukabidhiana Vifaa na Funguo za Kazi



Katika toleo hili tunapenda tujifunze pamoja jambo ambalo mara nyingi tunalipitia juu juu, nalo ni namna ya kumpokea mtumishi mpya na kumuaga anayehama, kwa upande wa vifaa vya kazi na ruhusa za kuvitumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo tunaufahamu sote, na sharika nyingi leo zina daftari la mali. Hata hivyo, uzoefu wetu unaonyesha kwamba mali inaweza kuwamo daftarini, ikawepo mezani, na bado isiwe na faida kwa yeyote.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Miaka michache iliyopita mratibu wa mpango wetu wa kuwasomesha vijana wenye mahitaji, katika usharika mmoja wa pembezoni, alihamishiwa jimbo jingine. Barua ya uhamisho ilimfikia siku kumi kabla ya kuondoka. Alikuwa mtumishi mwaminifu. Alirudisha kompyuta mpakato, pikipiki pamoja na kofia yake ngumu, kamera na ufunguo wa ofisi. Tulihesabu, tukatia saini, tukamwombea, naye akaondoka. Tulidhani kazi imekwisha.

Wiki ya pili ya Januari mtumishi mpya aliwasha kompyuta, ikamdai neno la siri. Aliyelijua alikuwa kijijini, mahali ambapo simu haishiki mtandao. Fundi alipofanikiwa kuifungua baada ya siku nne, ilionekana kuwa orodha ya vijana na ada zao ilikuwa ndani ya barua pepe iliyofunguliwa kwa jina la mtumishi wa zamani. Ili barua pepe hiyo ifunguke, ujumbe wa uthibitisho ulitumwa kwenye laini ya simu ya mpango. Laini hiyo ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, naye alikuwa ameitoa kwenye simu na kuihifadhi vizuri ndani ya mzigo ambao ulikuwa bado njiani.

Wakati tukihangaika hivyo, vyuo vya ufundi vilikuwa vimefunguliwa. Malipo ya muhula yalichelewa kwa wiki tano. Msichana mmoja aliyekuwa akijifunza ushonaji alirudishwa nyumbani. Mama yake alifika ofisini kwetu mara mbili, mara ya pili kwa miguu, na mara zote mbili tulimjibu kwamba vifaa vyote vimepokelewa. Ilikuwa kweli. Vifaa vyote vilikuwa mezani. Binti alirejea chuoni baadaye, lakini majaribio ya kwanza yalikuwa yamekwisha kumpita.

Tunaandika haya bila kumlaumu yule ndugu. Kosa lilikuwa la ofisi yetu, iliyomwachia kazi kwa miaka minne bila kuandika mahali popote ni milango ipi anayoishikia funguo.

Wakili aliyebaki na hati

Katika Luka sura ya 16 tunasoma habari za wakili aliyeambiwa atoe hesabu kwa kuwa hataendelea tena na kazi yake. Wengi tumezoea kuutafakari mfano huo kwa upande wa busara yake. Tukiutazama kwa jicho la mtunza mali, tunaona jambo jingine: baada ya kuambiwa kwamba anaondoka, bado aliweza kuwaita wadeni na kubadilisha hati zao. Deni la vipimo 100 vya mafuta likaandikwa 50, na la ngano 100 likaandikwa 80. Tarehe ya kuondoka ilikuwa imetajwa, lakini ruhusa ya kugusa hati haikuondolewa.

Watumishi wetu walio wengi hawana nia kama ile. Hata hivyo ruhusa isiyofungwa humdhuru hata mtu mwema. Tumeshuhudia mtumishi aliyehama akiendelea kuwa mtia saini wa akaunti ya benki kwa zaidi ya mwaka. Ilipotokea hitilafu ya hesabu, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa katika minong'ono, ingawa alikuwa mbali na hakujua lolote. Mkaguzi alimsafisha, lakini minong'ono ilimfikia hadi kituo chake kipya. Kumwondolea mtu ruhusa siku anapoondoka ni kumlinda yeye na jina lake.

Daftari lenye sehemu mbili

Tunapendekeza kila usharika na kila mradi uwe na daftari moja lenye sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya vifaa. Kila kifaa kiandikwe jina, namba yake ya kiwandani, namba tuliyokipa sisi, tarehe na fedha zilizokinunua, mahali kilipo, aliyekishika na hali yake. Hali iandikwe kwa ukweli. Neno "kizima" halitoshi. Andikeni: "Betri inakaa saa moja, chaja imefungwa gundi, kitufe kimoja hakifanyi kazi." Kwa pikipiki, andikeni pia kadi ya usajili iko wapi, bima inaisha lini, na kilomita zilizosomeka siku ya makabidhiano.

Sehemu ya pili ni ya ruhusa, nayo ndiyo tuliyoikosa sisi. Hapa huandikwa kila mlango ambao mtumishi anaufungua kwa niaba ya kanisa: mlango wa stoo, kasha la fedha, kompyuta, barua pepe ya kazi, akaunti ya benki, namba ya kupokelea na kutumia fedha kwa simu, na hata kundi la simu la wazazi. Maneno ya siri yenyewe yasiandikwe humo. Kinachoandikwa ni mlango upi, nani anao ufunguo, tangu lini, na nani mwingine anaweza kuufungua akipatwa na ugonjwa au msiba.

Kuhusu laini za simu, tukumbuke kwamba tangu Januari 2020 hapa Tanzania laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Mtumishi anayehama hawezi kumwachia mrithi wake kidole. Laini ya mradi isajiliwe kwa jina la taasisi, kupitia mwakilishi aliyeteuliwa rasmi, na barua pepe ya kazi ifunguliwe kwa jina la ofisi: "mratibu" au "mhasibu", pasipo jina la mtu.

Hatua tunazopendekeza

1. Wiki mbili kabla ya mtumishi mpya kufika. Kamati ikutane na kujiuliza atafanya kazi gani, kwa hiyo atahitaji nini. Kifaa kijaribiwe, kisisubiri siku ya kwanza ndipo kigundulike kibovu. Kompyuta za msaada zikaguliwe pia programu zake. Kwa mfano, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kompyuta yenye programu hiyo iulizwe kwa fundi kabla ya kuwekewa taarifa nyeti.

2. Ruhusa zitolewe kwa kadiri ya kazi. Mlinzi apewe ufunguo wa geti na si wa stoo. Karani anayeandika takwimu hahitaji kuona mishahara. Kila mtu awe na neno lake la siri. Tabia ya ofisi nzima kutumia neno moja, lililoandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, tuiache.

3. Bahasha ya dharura. Neno la siri la msimamizi wa kompyuta liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikatiwa saini na watu wawili juu ya kifuniko chake, na kuhifadhiwa kwenye kasha la chuma. Ikifunguliwa, iandikwe nani ameifungua na kwa sababu gani, kisha neno libadilishwe.

4. Siku ya makabidhiano. Wawepo watu watatu: anayetoa, anayepokea na shahidi kutoka kwenye kamati. Kila kifaa kiwashwe. Kila mlango ufunguliwe na anayepokea, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya anayetoa. Asiyeweza kuingia siku hiyo hajakabidhiwa. Kisha maneno yote ya siri na namba za siri zibadilishwe hapo hapo. Hati itiwe saini nakala tatu, na kila mmoja abaki na yake.

5. Benki. Barua ya kubadilisha watia saini iandaliwe mara tu uhamisho unapojulikana, kwa kuwa benki huhitaji muhtasari wa kikao na vitambulisho. Uhamisho wenye tarehe ya Januari usisubiri kikao cha Machi.

6. Siku 30 baadaye. Mjumbe mmoja apitie daftari na mtumishi mpya. Ni wakati huo ndipo hugundulika kwamba kuna ufunguo mmoja wa kabati ambao hakuna aliyeukumbuka.

Nyumba au ofisi ikikaa tupu katikati ya watumishi wawili, mtu mmoja atajwe kwa jina kuviangalia vifaa. Betri za sola za maji ya asidi zikiachwa miezi kadhaa bila chaji huharibika na uwezo wake hupungua. Tumepoteza betri kwa njia hiyo bila mwizi yeyote kuingia.

Taarifa za watu ni amana

Kompyuta ya mradi hubeba majina ya yatima, hali za afya na namba za simu za familia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatuwajibisha kuzitunza. Kwa hiyo mtumishi anayehama asiondoke na nakala ya orodha hizo kwenye simu au kwenye flashi yake, hata kwa nia njema ya kuendelea kuwaombea. Vilevile, kompyuta inapohamishwa idara au kuuzwa, kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, maana fundi anaweza kuyarudisha. Iombwe isafishwe kabisa, baada ya nakala kuhifadhiwa mahali pengine.

Haki ya mtumishi

Kifaa kikipotea, kamati nyingine hukimbilia kukata mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, imeweka masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mtumishi, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, asidaiwe zaidi ya hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Bila hati ya makabidhiano inayoeleza hali ya kifaa, kamati haina la kuonyesha, na mtumishi naye hana la kujitetea. Hati hiyo inawalinda wote wawili.

Neno kwa wabia wetu

Tunawashukuru kwa vifaa mnavyotuwezesha kuvipata. Tunaomba mtufikirie pia katika gharama ndogo za makabidhiano: siku tatu hadi tano za mtumishi wa zamani na mpya kukaa pamoja, nauli ya shahidi, diski ya kuhifadhia nakala, na usajili wa laini ya taasisi. Mara nyingi gharama hizi hazimo kwenye bajeti kwa sababu hazipigwi picha. Nasi tunaahidi kwamba kila taarifa ya robo mwaka itaambatana na ukurasa mmoja wa daftari, sehemu zote mbili. Kifaa kilichonunuliwa kwa fedha za mradi hakitamfuata mtumishi kwenye kituo kingine bila kuangalia kwanza mkataba unasema nini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mtumishi wetu akiugua leo usiku, ni kazi ipi itakayosimama kesho asubuhi kwa sababu ufunguo au neno la siri analo peke yake?

2. Watia saini wa akaunti zetu ni akina nani? Je, wote bado wako katika usharika huu?

3. Laini ya simu inayopokea fedha za mradi imesajiliwa kwa jina la nani?

4. Mtumishi wetu wa mwisho kufika alikaa siku ngapi kabla ya kupata kila alichohitaji? Ni nani aliyeumia katika siku hizo?

Tunaomba kila kamati itumie kikao kimoja kabla ya msimu ujao wa uhamisho kujaza sehemu ya pili ya daftari. Karatasi za mfano zinapatikana ofisini kwetu. Binti yule wa ushonaji alimaliza mafunzo yake, na pazia la ofisi ya mratibu ni kazi ya mikono yake. Kila tunapolifungua asubuhi tunakumbushwa kuuliza kama funguo zote zipo, na zipo kwa nani.

Tunawatakia utumishi mwema.