Urahisi kwa Nani? Vitabu vya Kiingereza Vilivyorahisishwa na Msomaji wa Kabasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyorahisishwa katika ujifunzaji wa lugha hiyo nchini Tanzania, kwa kumfikiria msomaji wa Kabasa, mkoani Mara, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Tunadai kwamba vitabu hivyo ni vya lazima, lakini vigezo vya urahisi vilivyotumika kuviandika havikumlenga msomaji anayekijua Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya yale yanayohesabiwa kuwa mepesi ni mazito kwake, na kinyume chake. Mwishoni tunapendekeza misingi ya kupimia urahisi upya.

1.0 Utangulizi

Kabasa iko katika ukanda wa Musoma, Bunda na Butiama, eneo lenye lugha nyingi zinazokaribiana: Kizanaki, Kijita, Kisizaki, Kiikizu, Kikabwa na Kikwaya, pamoja na Kijaluo na Kikurya kwa majirani. Mtoto wa hapo aghalabu hukuta Kiswahili kikitawala shuleni, na huko husoma masomo yake yote ya msingi kwa lugha hiyo. Anapoingia kidato cha kwanza, Kiingereza, ambacho hadi hapo kilikuwa somo mojawapo tu, hugeuka kuwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote.

Njia hiyo imepitwa na wengi, na wapo walioimudu vizuri. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa msemaji wa Kizanaki. Kiswahili alijifunza shuleni, na Kiingereza baadaye. Mtu huyo huyo ndiye aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, tafsiri zilizochapishwa mwaka 1963 na 1969. Hata hivyo, mfano wa mwanafunzi mmoja mwenye kipaji hautoshi kuwa msingi wa mpango wa elimu. Swali la makala haya linamhusu mwanafunzi wa kawaida wa shule ya kata: asome nini ili avuke kutoka Kiingereza cha darasa la saba hadi Kiingereza cha kitabu cha Baiolojia?

2.0 Usuli wa Tatizo

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi ngazi za juu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walitoa taarifa yao kuhusu ufundishaji na matumizi ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania. Waliona kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari katika sampuli yao hawakuwa wakipata chochote cha maana kutokana na masomo yanayofundishwa kwa Kiingereza, na kwamba ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie.

Kutokana na hali hiyo ulianzishwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza tangu miaka ya mwisho ya 1980. Sehemu yake kubwa ilikuwa ni kuzipatia shule za sekondari vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, ili wanafunzi wasome kwa wingi na kwa kujifurahisha. Wazo hilo lilikuwa na ushahidi kutoka kwingine. Utafiti wa Elley na Mangubhai huko Fiji, uliochapishwa mwaka 1983, ulionyesha kuwa watoto wa shule za vijijini waliopewa vitabu vingi vya hadithi za Kiingereza walipiga hatua kubwa katika kusoma kuliko wenzao waliofundishwa kwa mbinu za kawaida.

Ifahamike kwamba kurahisisha maandishi si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Mwaka 1929 Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, alitoa Kisiwa Chenye Hazina, na mwaka huo huo kikatoka pia Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vitabu hivyo vilifupishwa kwa ajili ya wanafunzi ambao wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya pili. Vizazi kadhaa vilivisoma, wala hakuna aliyedai kwamba kwa kuvisoma vilijidanganya.

3.0 Hesabu ya Maneno

Vitabu vilivyorahisishwa vimejengwa juu ya orodha za maneno. Michael West, aliyefundisha Bengal, alianza kazi hiyo katika miaka ya 1920, na orodha yake ya mwaka 1953 yenye maneno makuu yapatayo 2,000 ndiyo iliyokuwa dira ya waandishi wengi. Hoja ya msingi ni nyepesi: maneno machache yanayotumika mara nyingi hubeba sehemu kubwa ya matini yoyote.

Tafiti za baadaye zimeeleza msomaji anahitaji kujua kiasi gani. Hu na Nation (2000) walipowapa wasomaji hadithi ambayo walijua asilimia 80 tu ya maneno yake, hakuna aliyeielewa ipasavyo. Kiwango walichokiona kinafaa kwa msomaji asiye na msaada ni takriban asilimia 98. Tuchukue ukurasa wenye maneno 300. Anayejua asilimia 98 hukutana na maneno 6 mageni. Maana ya mengi kati ya hayo anaweza kuikisia kutokana na muktadha. Anayejua asilimia 80 hukutana na maneno 60 mageni, na muktadha wenyewe ambao ungemsaidia huwa umejaa mageni hayo hayo. Huyo hasomi tena. Anachofanya ni kufungua kamusi, kunakili, na hatimaye kukariri.

Hapa ndipo umuhimu wa kitabu kilichorahisishwa unapoonekana: ni mahali pekee ambapo mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kufikia kiwango hicho cha asilimia 98 na kuonja kusoma kwenyewe. Lakini pia ndipo mpaka wake unapoonekana. Coxhead (2000) alionyesha kwamba maneno 2,000 ya orodha ya West hujumuisha takriban asilimia 76 tu ya matini za kitaaluma. Mwanafunzi aliyemaliza ngazi zote za hadithi hadi maneno 2,000, akifungua matini ya namna hiyo, bado atakuta karibu neno moja kati ya kila manne ni geni. Kwa hiyo hadithi rahisi ni sehemu ya kwanza ya daraja. Sehemu ya pili haina budi kujengwa kwa makusudi.

4.0 Urahisi Unaopimwa kwa Kiingereza

Kasoro ya orodha za maneno ni kwamba zinahesabu marudio ya neno katika Kiingereza, bila kujali lugha ambayo msomaji analeta. Tunatoa mifano mitatu.

4.1 Vitenzi

Neno "put" huhesabiwa kuwa miongoni mwa maneno mepesi kabisa. Mwandishi anayerahisisha huepuka "extinguish", "postpone" na "tolerate", akaweka "put out", "put off" na "put up with". Kwa orodha, ameondoa maneno matatu magumu. Kwa msomaji wa Kiswahili, ameficha vitenzi vitatu vilivyo dhahiri, yaani zima, ahirisha na vumilia, ndani ya kitenzi kimoja ambacho yeye anakijua kwa maana ya weka. Kiswahili hutofautisha maana kwa mizizi na viambishi vya unyambulishaji: vaa na vua, funga na fungua, tega na tegua. Mzigo ambao Kiswahili hukibebesha kitenzi, Kiingereza hukibebesha kineno kinachofuata, na msomaji wetu hana mazoea ya kukiangalia kineno hicho.

Kwa upande mwingine, "puncture" na "carburettor" hayamo katika orodha ya West. Kijana wa Kabasa anayetengeneza baiskeli au pikipiki anazijua pancha na kabureta tangu utotoni. Akisaidiwa kuvuka tofauti ya tahajia, maneno hayo si mageni kwake.

4.2 Viwakilishi

Kiambishi cha nafsi a- hakibagui jinsia. Ndivyo ilivyo pia katika lugha za Kibantu za ukanda huo, na hata katika Kijaluo. Kila lugha ambayo mwanafunzi huyo ameizoea inamruhusu asiulize kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza humlazimisha aulize katika kila sentensi. Vitabu vilivyorahisishwa hukata sentensi kuwa fupi, na kila sentensi fupi hudai kiima chake. Hivyo "he" na "she" huongezeka pale pale ambapo msomaji anateleza.

Jambo la "it" ni zito zaidi. Tukisema "Alichukua kisu na mfuko, akautupa", kiambishi -u- kinatuambia kuwa kilichotupwa ni mfuko. Kwa Kiingereza, "it" inaweza kurejelea chochote kati ya hivyo viwili. Msomaji aliyezoea kuongozwa na ngeli hupoteza kiongozi wake, na hakuna orodha ya maneno inayohesabu upotevu huo.

4.3 Viunganishi

Kufupisha sentensi huondoa viunganishi. Tutazame mfano wa Kiswahili ili jambo lionekane vyema. Sentensi ndefu inasema: "Ingawa mjumbe aliondoka mapema, hakufika kwa kuwa mto ulikuwa umefurika." Ikirahisishwa huwa: "Mjumbe aliondoka mapema. Mto ulifurika. Hakufika." Maneno yamepungua, lakini uhusiano wa sababu na matokeo umeachiwa msomaji aukisie. Katika hadithi hasara hiyo huvumilika. Katika maelezo ya sayansi, ambamo uhusiano huo ndio somo lenyewe, haivumiliki.

5.0 Kurahisisha na Kuandika kwa Urahisi

Widdowson (1978) alitofautisha matini iliyorahisishwa kutokana na matini nyingine na maelezo ambayo tangu mwanzo yameandikwa kwa ajili ya msomaji fulani. Tofauti hiyo ina manufaa kwetu. Riwaya ya Uingereza ya karne ya 19 iliyopunguzwa hadi maneno 1,000 bado inabaki na mahali pa moto sebuleni na majira ya mwaka yasiyo ya kwetu. Mwanafunzi akielezwa kuwa "autumn" ni vuli, atafikiria mvua na kupanda, ilhali mwandishi anazungumzia majani kupukutika na baridi kuanza. Neno limerahisishwa, ila ulimwengu wake haukurahisishwa.

Hadithi za Richard Mabala, kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, ambazo zimesomwa sana katika vidato vya chini, zimefuata njia ya pili. Zimeandikwa kwa Kiingereza chepesi kuhusu maisha ya Tanzania, na msomaji huingia akiwa tayari anajua basi, shamba na ugomvi wa nyumbani. Ujuzi huo wa mambo hufidia upungufu wa maneno.

6.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kuvitetea vitabu hivi ni kutetea Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mradi wa miaka ya 1980 ulikuja baada ya pendekezo la Tume ya Makweta kuwekwa kando. Hata hivyo masuala haya mawili hayafungamani kwa lazima. Hata kama Kiswahili kingefundishia masomo yote kesho, Kiingereza kingebaki somo, na mwanafunzi angehitaji kitu cha kusoma anachokielewa. Na maadamu Kiingereza bado kinafundishia sekondari, anayenyimwa daraja ni mtoto aliye shuleni leo, wala si sera.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kwanza, uteuzi wa msamiati wa vitabu vya ngazi za chini uzingatie maneno ambayo Kiswahili kimeyatohoa, na vitenzi vyenye vineno vihesabiwe kila kimoja peke yake. Pili, viunganishi vya sababu, masharti na ukinzani vibakizwe na kufundishwa mapema. Tatu, baada ya hadithi ziwepo matini fupi za masomo, zenye faharasa ya Kiswahili. Mwanafunzi aliyejifunza usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula katika shule ya msingi hahitaji kufundishwa dhana upya, bali anahitaji jina lake la pili. Mradi wa vitabu vinavyosaidia lugha, ulioendeshwa katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Tanzania na Chuo Kikuu cha Bristol, ulijaribu njia ya namna hii kwa vitabu vya kidato cha kwanza, na unafaa kuendelezwa.

Nne, na hili ni la watafiti wetu, zifanyike hesabu za matini za Kiingereza zinazosomwa shuleni kwa kuzilinganisha na msamiati wa Kiswahili wa darasa la saba. Mwanafunzi wa uzamili mwenye vitabu vya vidato viwili na subira ya kutosha anaweza kuianza kazi hiyo. Bila hesabu hizo tutaendelea kununua vitabu ambavyo jaladani vimeandikwa ngazi ya kwanza, bila kujua kama kwa msomaji wa Kabasa ni ya kwanza kweli.