Kiuno cha kijana mchezaji: maswali na majibu kwa vilabu na shule za Fizi na Baraka

Kwa nini maumivu ya kiuno ya mchezaji wa miaka 14 au 15 hayafanani na ya mtu mzima?

Kiuno hubebwa na pingili 5 za chini za uti wa mgongo, na kila pingili ina upinde mwembamba wa mfupa upande wa nyuma, ambao katika umri wa kubalehe bado haujakomaa. Mchezaji wa kandanda anapopiga shuti, au wa mpira wa wavu anapopiga smashi, hujipinda nyuma na kuzungusha kiwiliwili kwa wakati mmoja. Tendo hilo likirudiwa bila mapumziko, upinde huo, hasa wa pingili ya tano, hupata ufa wa uchovu, yaani ufa usiotokana na pigo moja bali na mikazo midogo inayolimbikizana upesi kuliko mfupa unavyoweza kujijenga upya. Katika utafiti wa Micheli na Wood, uliochapishwa Marekani mwaka 1995, jeraha la upinde huo lilikutwa kwa vijana wanamichezo 47 kati ya 100 waliokuwa na maumivu ya mgongo, na kwa watu wazima 5 tu kati ya 100. Vijana hao walikuwa wamefika kwa bingwa wa tiba ya michezo, kwa hiyo kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye kila timu. Hata hivyo kinatosha kumzuia kocha asiseme kwamba ni misuli tu.

Je, viwanja vibovu ndivyo vinavyosababisha?

Uwanja mgumu wenye mashimo una sehemu yake, lakini sehemu kubwa zaidi iko nje ya uwanja. Kijana wa Baraka anayefika mazoezini jioni huenda amevuta nyavu ziwani Tanganyika tangu alfajiri. Wa milima ya Fizi huenda ameteremsha gunia la muhogo kutoka shambani. Na wengine hushinda wakichimba na kubeba mchanga wa dhahabu kwenye machimbo kama ya Misisi. Msichana mchezaji huchota maji na kuokota kuni kabla ya yote, mzigo ukilala mgongoni na kamba yake ikipita kwenye paji la uso, huku kiwiliwili kikiinama mbele mwendo wote; na bidoni moja ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mfupa haubagui mzigo wa kazi na mzigo wa mchezo. Isitoshe, katika miaka ya kurefuka haraka mifupa huitangulia misuli, ile ya nyuma ya paja hukaza, na kiuno hulazimika kujipinda zaidi. Kocha anayehesabu saa za mazoezi bila kuuliza habari za kazi za nyumbani anahesabu nusu tu.

Ni dalili zipi zinazodai hospitali bila kusubiri?

Hapa hatari kubwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ulioelezwa na daktari Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, ambao hula pingili polepole na mara nyingi hauambatani na kikohozi. Kongo imo miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kwa kuwa mgonjwa ni mchezaji, familia hulaumu mechi ya mwisho, na miezi hupita hadi kibiongo kitokeze au miguu ilegee. Maumivu yasiyotulia hata usiku, homa, jasho la usiku na kukonda ni sababu za kwenda kituo cha afya mara moja, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Ganzi ya sehemu za siri, au kushindwa kukojoa au kuzuia mkojo, ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Ufa utatambuliwaje pasipo skana?

Eksirei ya kawaida huweza kuukosa ufa mchanga, kwa hiyo maelezo ya mgonjwa yana thamani kubwa. Maumivu ya chini ya kiuno yanayoongezeka anapojipinda nyuma, yanayopungua akipumzika na kurudi akicheza, na yaliyopita wiki tatu, ni busara yatibiwe kama ufa: mechi zisimame kwa takriban miezi mitatu na mizigo ipunguzwe, ila kulala kitandani mchana kutwa hudhoofisha misuli, na kutembea kunafaa.

Sindano na kukandwa je?

Sindano ya kutuliza maumivu kabla ya mechi ni hatari, kwani humnyima kijana onyo la mfupa wake. Kukanda taratibu huliwaza. Kukanyaga mgongo kusifanywe kamwe.

Mchezaji arudi lini?

Arudi asiposikia maumivu katika kazi za kila siku wala anapojipinda nyuma, akianza na mazoezi ya kiwiliwili, kama kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka. Zoezi hilo limo katika mpango wa FIFA 11+, wa dakika kama 20, uliotungwa kwa wachezaji wa miaka 14 na kuendelea, nao hauhitaji kifaa ghali. Baadaye hufuata mbio, kisha pasi fupi. Mashuti ya mbali na smashi hurudishwa mwisho, machache kwanza, na maumivu yakijitokeza tena mchezaji hurudi hatua moja nyuma.