Kanda ya Nyanya

Leo nina somo dogo kwa wale tunaopenda kutengeneza filamu.

Kabla sijazaliwa, mwaka 2003, mjomba alikuja Bulla Pesa kutoka Marekani na kamera yake, akamrekodi nyanya akisimulia ujana wake. Akatuachia kanda ya VHS. Kwenye deki ya jirani sauti ilisikika, lakini picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu bila kutulia. Wazee wakasema kanda imeharibika. Nyanya alifariki hajajiona.

Kumbe kanda ilikuwa nzima! Marekani walitumia mfumo wa NTSC: mistari 525, karibu picha 30 kwa sekunde. Kenya ilitumia PAL: mistari 625, picha 25. Asili yake ni umeme. Wao wana mizunguko 60 kwa sekunde, sisi 50. Televisheni yetu haikuweza kufuata mwendo ule, na rangi nazo zilipangwa kwa njia nyingine.

Msidhani mambo yaliisha analojia ilipozimwa mwaka 2015. Nilipopiga filamu ya chama kwa simu, taa za tyubu darasani zilikuwa zinapepesa kwenye picha, mpaka nikaweka shata 1/50. Jaribuni, hata mkipiga picha 30.

Mwaka jana tulipata Nairobi fundi mwenye deki ya mifumo yote. Nikamwomba ahifadhi picha zilivyo, asizipunguze ziwe 25. Mama alipomwona nyanya akicheka, akaniambia, “Rudisha hapo nyuma kidogo.”