Rangi ya Plagi na Mchanganyiko wa Petroli

Fundi wa pikipiki afunguapo plagi na kuitazama ncha yake, huwa anasoma habari za moto uliowaka ndani ya silinda. Gramu 1 ya petroli huhitaji gramu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Hewa ikipungua, kaboni isiyoungua huganda juu ya kauri ikawa masizi meusi makavu. Petroli ikipungua, kauri huwa nyeupe mithili ya chokaa. Hali hii ni ya hatari zaidi, kwani joto laweza kutoboa pistoni. Rangi njema ni kahawia hafifu. (Weusi wenye majimaji ni jambo jingine: ni oili ipenyayo kwenye ringi.)

Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hutoa masizi ifikapo Mbeya, kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, kwa kuwa hewa ya huko ni haba. Apunguzaye petroli huko, kisha akateremka pwani bila kuirudisha, huihatarisha injini yake.

Injini ingurumayo bila mzigo hudanganya: kauri haifikii nyuzi 500 hivi ziunguzazo masizi. Panda mlima kwanza, zima injini papo hapo, ngoja ipoe, ndipo ufungue plagi.