Msangu: Mti wa Kiangazi kwa Wageni wa Dzaleka na Lilongwe

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaofika Malawi hawaendi kutazama miti. Wanaenda Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kumwona kaka, shangazi au mama mdogo aliyehamia huko kutoka Kivu, Burundi au Rwanda, au wanaenda kwenye Tamasha la Tumaini, ambalo tangu 2014 limekuwa likifanyika kambini, kwa kawaida mwezi wa Novemba. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na unawaomba waongeze siku mbili katika safari yao. Kipindi hicho cha mwisho wa kiangazi, mashamba ya Malawi ni vumbi na mabua makavu, lakini ndani yake umesimama mti mkubwa wenye majani mabichi na kivuli, na chini yake ng'ombe wanagombania maganda yaliyoanguka. Mti huo ni msangu.

Msangu ndilo jina utakalolisikia kwa Wachewa. Baadhi ya Watanzania huuita mkababu, wengine humwita kila ndugu wa jamii hii mgunga, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Wataalamu wa mimea nao waliuhesabu pamoja na migunga kwa muda mrefu, hadi Mfaransa Auguste Chevalier alipoutenga mwaka 1934 na kuupa jenasi yake peke yake, Faidherbia, kwa heshima ya Louis Faidherbe aliyekuwa gavana wa Senegali. Hauna mwenzake katika jenasi hiyo. Umetapakaa kutoka Senegali hadi Misri, ukashuka mpaka Namibia na Afrika Kusini, kwa hiyo huenda umewahi kupita chini yake mahali pengine bila kuujua.

Kuutambua si kazi ukizingatia rangi. Vitawi vyake vichanga ni vyeupe-vyeupe, na vinakwenda upogoupogo, kila pindo likiwa na miiba miwili iliyonyooka. Majani ni madogomadogo, ya kijani chenye ukijivu, hivyo ukiutazama kwa mbali mti wote unaonekana kama umepakwa jivu. Shina la mzee lina magome ya kijivu yaliyopasukapasuka, na mti wenyewe unaweza kufikia mita 30. Maua ni mikia ya rangi ya maziwa mazito ambayo nyuki huyapenda. Lakini alama isiyokosewa ni maganda: ya rangi ya chungwa iliyoiva, yamejikunja na kujisokota kama ganda la tunda lililomenywa kwa kisu mara moja bila kukatika. Ukiokota moja likakauka mkononi, mbegu zinacheza ndani.

Sasa jambo kubwa, ambalo ndilo linalostahili nauli yako. Msangu huvaa majani kiangazi na kuyavua masika. Mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, miti mingine inachipua nao unaanza kupukutika. Mkulima anapopanda mahindi, majani ya msangu yanaanguka juu ya shamba lake na kuoza, yakiongeza naitrojeni ambayo bakteria wa mizizini wameivuta kutoka hewani. Mahindi yanapokua, juu yake hakuna kivuli cha kuyazuilia jua. Kisha mvua zikiisha na mazao yakivunwa, mti unavaa upya na kulisha mifugo katika miezi ile ambayo nyasi zimekwisha. Watafiti wamepima mara nyingi nchini Malawi na kukuta mahindi ya chini ya msangu yakizidi yale ya mahali pasipo mti, hasa pale ambapo mkulima hana fedha za mbolea. Wakulima walilijua hilo kabla ya vipimo, na ndiyo maana wanapofyeka shamba msangu wanauacha.

Siri ya kuweza kuishi kinyume na majira iko chini ya ardhi. Mche wa msangu hupeleka mzizi mkuu chini kwa haraka kuliko unavyopandisha shina juu, ukitafuta maji yaliyolala ndani kabisa. Kwa sababu hiyo makazi yake ya asili ni kingo za mito, tambarare za mafuriko, udongo wa mchanga na tope ulioletwa na maji, na pembezoni mwa dambo, yale mabonde mapana ya nyasi yanayolowa wakati wa masika. Anayetoka Kenya anaweza kuukumbuka mpopla wa Mto Tana, mti mwingine mkubwa wa asili unaotegemea udongo mpya wa mafuriko ili miche yake ishike. Miti hii miwili si ndugu, ila yote imefungamana na mto. Tofauti ni kwamba mpopla hutuma mbegu zake nyepesi kwa upepo na maji, ilhali msangu hutegemea pia matumbo ya wanyama. Ng'ombe, swala na tembo hula ganda, mbegu ngumu inapita, nayo inaota kwenye samadi mbali na mama yake.

Ukitua Uwanja wa Ndege wa Kamuzu ulioko Lumbadzi, usikimbilie mjini. Uwanja uko kaskazini mwa Lilongwe, kwenye barabara ya M1, na Dzaleka iko mbele zaidi upande huohuo, wilayani Dowa. Ukiwa tayari Lilongwe, panda minibasi ya upande wa Dowa kutoka stendi ya mji wa zamani na umwambie kondakta unashukia Dzaleka. Ni kama kilomita 45, nayo minibasi huondoka ikijaa, si kwa saa. Anayetoka Tanzania au Kenya arudishe saa nyuma kwa saa moja. Wa Bukavu, Bujumbura na Kigali wako sawa na Malawi.

Kambi ilifunguliwa 1994 kwenye eneo lililokuwa gereza la enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, na sasa ina zaidi ya 50,000. Watu wengi hivyo wakipika kwa kuni na mkaa, haishangazi kwamba miti mikubwa ni adimu pale, na si haki kuwalaumu wapikaji. Kabla ya kuingia omba kibali cha mamlaka ya wakimbizi, au mwambie mwenyeji wako akuulizie mapema kwenye ofisi ya msimamizi wa kambi. Kamera usiitoe mpaka uwe umeruhusiwa na ofisi na pia na yule unayempiga picha. Ndani ya kambi Kiswahili kinakutosha kuanzia sokoni hadi kanisani. Wakati wa tamasha, shirika la Tumaini Letu huwapangia wageni malazi kwenye nyumba za wakazi, na ningechagua hilo kabla ya hoteli yoyote ya mjini, kwa sababu jioni ya mazungumzo na wenyeji inakufundisha Dzaleka kuliko jukwaa.

Jambo moja la kumheshimu ndugu yako: sheria za Malawi zinabana matembezi ya wakimbizi nje ya kambi, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Usimwambie tu “twende zetu ziwani.” Muulize kwanza kama anahitaji kibali, na umpe muda wa kukiomba.

Kuiona misangu karibu, tumia mashamba ya uwanda wa Lilongwe. Imesimama mmojammoja, hasa ardhi inapoinama kuelekea dambo. Kodi kabaza, baiskeli ya abiria, kwa nusu siku, na ukifika kijijini muulize mtu mzima: “Msangu uli kuti?” Salimia kwanza kwa “Muli bwanji, bambo” kwa mwanamume au “mayi” kwa mwanamke. Shamba lina mwenyewe na kijiji kina mfumu (chifu) wake, kwa hiyo omba ruhusa ya kuingia hata kama mahindi yamekwisha vunwa. Vaa viatu vyenye soli nene, kwani miiba iliyoanguka hupenya kandambili na hutoboa matairi ya kabaza vilevile, na hasara hiyo mlipie dereva. Maganda usiyazoe kwa mfuko: ni chakula cha mbuzi na ng'ombe wa mwenye shamba katika miezi ya njaa.

Hifadhi ndogo ya wanyama iliyo katikati ya Lilongwe, kando ya mto Lingadzi, inafaa asubuhi moja ya kuzoeza macho miti ya asili, basi.

Safari kubwa ni ya kushuka ziwani. Barabara ya Salima ina kama kilomita 100 kutoka Lilongwe. Ukifika tambarare ya ziwa, joto linaongezeka, udongo unabadilika, na misangu inakuwa mingi. Kutoka Salima geukia kusini kuelekea Mtakataka na Golomoti. Hapo si mti mmoja shambani tena: mashamba yote yamesimama chini ya miti mikubwa, na unaelewa mara moja jinsi mti na mahindi vinavyogawana mwaka. Njiani kuna misheni ya Mua, ambako padri Claude Boucher alianzisha Kituo cha Kungoni mwaka 1976. Jumba lake la makumbusho la Wachewa, Wangoni na Wayao ni zuri sana, na ndipo pa kukwepea jua la saa sita.

Kuhusu wakati, Agosti na Septemba ndiyo miezi bora kwa anayetaka kuona tofauti, kwani vichaka vingi vimepukutika na msangu umejaa. Oktoba miti ya miombo huanza kutoa majani mapya mekundu. Novemba, msimu wa tamasha, unawahi maganda na kivuli cha mwisho, ila mvua ikitangulia utakuta mti umeanza kupukutika. Usidhani unakufa.

Ndugu aliyeko Dzaleka akitaka kuupanda, mwambie akwaruze ganda la mbegu kidogo upande mmoja, ailoweke usiku kucha, na aioteshe kwenye kiriba kirefu, maana mzizi hauvumilii kukunjwa. Mche uende shambani mvua zinapoanza, ulindwe dhidi ya mbuzi, na mahali pa kuupanda pakubaliwe na ofisi ya kambi au na mwenye ardhi wa jirani, kwa sababu itachukua miaka mingi kabla haujaanza kurutubisha udongo, na mti usio na mwenyewe hukatwa ukiwa fimbo.