SOMO LA 14: MAFUTA YAMEPANDA BEI

Nchi yetu Tanzania huagiza mafuta ya magari kutoka nchi za nje. Kwa hiyo vita vya mbali hufika hadi kwenye mfuko wako. Mwaka 1973 palikuwa na vita Mashariki ya Kati. Katika miezi michache bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Mwaka huohuo petroli mjini Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Ukikaa mbali na bandari, unalipa zaidi, kwa sababu mafuta nayo huletwa na gari linalokula mafuta.

Bei hiyo huwezi kuishusha. Lakini hesabu ya gari lenu unaweza kuijua.

Tuseme wewe na wenzako mna lori dogo. Linabeba magunia 25 ya mahindi hadi mjini. Kwenda na kurudi ni kilomita 120. Kila lita 1 ya dizeli inatembeza lori kilomita 6. Basi safari moja inakula lita 20.

Kila gunia linalipiwa shilingi 4,000. Mnapata shilingi 100,000. Dizeli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, mnatoa 60,000. Dereva na utingo mnawalipa 20,000. Mkononi zinabaki 20,000.

Je, mgawane fedha hizo? Ngoja kwanza. Tazama matairi. Lori lina matairi 6. Tuseme yote yanagharimu shilingi 1,500,000, nayo yanaisha baada ya kilomita 30,000. Kila kilomita inakula shilingi 50 za matairi. Safari moja ni shilingi 6,000. Oili ya injini ikibadilishwa kila kilomita 5,000 kwa shilingi 150,000, safari moja ni shilingi 3,600. Fedha hizo hamjazitoa leo, lakini gari limekwisha kuzila.

Kwa kweli zinabaki shilingi 10,400. Humo bado kuna bima, breki na springi. Vikundi vingi hugawana zile 20,000, kisha tairi likipasuka gari hukaa chini ya mwembe miezi mingi.

Dizeli ilipokuwa shilingi 2,500, zilibaki 20,400. Shilingi 500 tu kwa lita zimekula karibu nusu. Ili kuzirudisha, kila gunia liongezwe shilingi 400.

Pimeni upepo wa matairi, safisheni chujio la hewa, wala msizidishe mzigo. Madereva wengine huondoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta. Mkatazeni dereva wenu. Breki zikipata moto sana hazishiki.

ZOEZI
Andika katika daftari lako: tarehe, kilomita, lita, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, fedha za matairi na oili.
Dizeli ikipanda tena shilingi 250 kwa lita, kila gunia liongezwe shilingi ngapi?
Katika kikundi chenu, nani atashika daftari, na nani atamkagua?