KWA NINI DARAJA HUCHELEWA KUFUNGULIWA BAADA YA AJALI YA LORI LA SHEHENA YA HATARI

Daraja linapofungwa, maisha ya watu wa pande zote mbili za mto hubadilika siku hiyo hiyo. Wananchi wa Lindi na Mtwara walilionja jambo hilo mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam katika eneo la Somanga. Wasafiri wengine walilazimika kuzunguka kupitia Tunduru, Songea na Njombe. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, njia ya kuzungukia ni shida zaidi kuipata. Mahali kama Lipingo, wilayani Nyasa, ziwa liko upande mmoja na milima upande wa pili, na mito hushuka kutoka nyanda za juu za Mbinga kuelekea ziwani. Daraja moja likifungwa, usipa hawafiki sokoni, mgonjwa hukawia kufika hospitali, na bei ya bidhaa madukani hupanda.

Mafuriko yakichukua daraja, kila mtu huona sababu ya kutopita. Ajali ya lori lililobeba mafuta au kemikali ni jambo jingine. Daraja huonekana limesimama, moto umezimika, lori limekwisha kuvutwa kando; hata hivyo kamba na askari bado wako barabarani. Hapo ndipo manung'uniko huanza, nayo si manung'uniko ya bure. Makala haya yanaeleza kazi inayofanyika nyuma ya kamba hiyo, ili msomaji aweze kutenganisha kuchelewa kunakotokana na sayansi na kuchelewa kunakotokana na kutojiandaa.

Swali la kwanza: shehena imekwisha?

Kabla ya mhandisi kulikaribia daraja, ni lazima ijulikane lori lilibeba nini. Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa, kila shehena ya hatari hupewa namba ya tarakimu nne, ambayo huandikwa kwenye kibao cha rangi ya machungwa. Petroli ni 1203, asidi ya sulfuriki ni 1830, na sayanidi ya sodiamu, itumiwayo katika kuchenjua dhahabu, ni 1689. Namba hizo ni muhimu kwa sababu dawa ya hatari moja yaweza kuwa kichocheo cha nyingine. Maji machache yakimwagwa juu ya asidi kali hutoa joto jingi, nayo asidi huruka. Maji yakimwagwa juu ya petroli huieneza, kwa kuwa petroli huelea.

Petroli ina hila nyingine. Hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri za Sentigredi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu na kutoweka. Hutambaa chini, ukajikusanya mitaroni, katika makalvati na chini ya daraja. Ukifikia kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa, cheche moja yatosha. Ndiyo maana tangi lililobakiwa na mafuta kidogo laweza kuwa hatari kuliko lililojaa: nafasi iliyo wazi ndani yake hujaa mchanganyiko wa mvuke na hewa. Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, kisha moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Kwa sababu hiyo mafuta yaliyosalia huhamishwa polepole hadi tangi jingine, na matangi yote mawili huunganishwa na ardhi kwa waya ili umeme tuli usitoe cheche. Kazi hiyo haiwezi kukimbizwa.

Swali la pili: daraja bado lina nguvu?

Moto wa petroli waweza kupita nyuzi 1,000 za Sentigredi. Chuma hakihitaji kuyeyuka ili kishindwe. Kikifika karibu na nyuzi 600 hubakiwa na nusu tu, au pungufu, ya nguvu zake. Tena, chuma hutanuka. Tuchukue boriti ya chuma yenye urefu wa mita 30. Kila nyuzi moja ya joto huurefusha kila mita ya chuma kwa sehemu 12 katika milioni. Joto la mchana likizidi la usiku kwa nyuzi 30, boriti itarefuka hivi:

30 × 0.000012 × 30 = mita 0.0108, yaani sentimeta 1 hivi.

Wajenzi huacha mwanya kwa ajili ya badiliko kama hilo. Lakini moto ukiongeza joto la boriti nzima kwa nyuzi 500:

30 × 0.000012 × 500 = mita 0.18, yaani sentimeta 18.

Mwanya wa sentimeta chache hauwezi kumeza urefu huo. Boriti husukuma nguzo, au hujipinda yenyewe. Baada ya kupoa yaweza kurudi karibu na urefu wake wa awali, lakini vikalio vyake vikawa vimehama na nguzo zimepata nyufa ambazo aliye barabarani hazioni.

Zege nalo lina tabia yake. Likifika nyuzi 300 hivi, aina nyingi za zege huanza kugeuka rangi kuelekea wekundu hafifu, kwa sababu ya misombo ya chuma iliyomo katika mchanga na kokoto. Rangi hiyo humwambia mkaguzi joto lilipenya kiasi gani. Kati ya nyuzi 400 na 500, haidroksaidi ya kalisi iliyomo katika saruji iliyoganda hupoteza maji na kuwa oksaidi ya kalisi, ambayo ni chokaa isiyozimwa. Siku zinazofuata, chokaa hiyo hufyonza unyevu wa hewa, huvimba, na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo zege laweza kuendelea kudhoofika baada ya moto kuzimika. Daraja lililopoa si daraja lililopona.

Nyuzi za chuma zilizovutwa kwa nguvu ndani ya zege, kama zinavyotumika katika madaraja mengi ya kisasa, zinahitaji uangalifu zaidi. Nondo ya kawaida ikipoa hurudishiwa sehemu kubwa ya nguvu zake. Nyuzi hizo zikipita nyuzi 400 hivi za joto hupoteza sehemu ya nguvu zake moja kwa moja.

Mkaguzi hufanya nini basi? Hatua ya kwanza ni ile afanyayo mama anayenunua chungu sokoni: hugonga na kusikiliza. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Vivyo hivyo, zege lililoachana ndani hutoa sauti ya uwazi. Kisha vipande vya mviringo hukatwa na kupelekwa maabara kubanwa mpaka vivunjike. Mwisho, yaweza kufanywa hesabu ya uzito, na pengine magari yenye uzito unaojulikana husimamishwa darajani huku mpindo wake ukipimwa.

Swali la tatu: maji yako salama?

Daraja huvuka mto, na mto una watu chini yake. Tarehe 20 Mei 1998, nchini Kyrgyzstan, lori lililokuwa likipeleka sayanidi ya sodiamu kwenye mgodi wa dhahabu lilianguka kutoka darajani, na takriban kilo 1,760 zikaingia katika mto Barskoon, ambao humwaga maji yake katika ziwa Issyk-Kul. Wanavijiji wa chini ya mto hawakuarifiwa mpaka saa kadhaa zilipopita. Afrika nayo ina mfano wake: mwezi Februari 2019, karibu na Tenke katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lori la asidi liligongana na basi, watu wapatao 20 wakafariki, na asidi ikamwagika.

Asidi ya sulfuriki huweza kuzimwa kwa chokaa:

H2SO4 + Ca(OH)2 → CaSO4 + 2H2O

Gramu 98 za asidi huhitaji gramu 74 za chokaa iliyozimwa. Kwa hiyo lori moja lenye tani 30 za asidi kali lingehitaji tani 23 hivi za chokaa, yaani mifuko 460 ya kilo 50. Asidi hiyo hiyo ikifika kwenye zege hufanya kazi ile ile: hula chokaa iliyomo na kuiacha jasi, ambayo ni laini tena huvimba. Ziwa Nyasa, lenye kina cha mita 700 hivi na mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, hubadilisha maji yake polepole mno. Sumu ikifika humo, hakuna kamba ya kuizuia.

Mpaka kati ya lazima na uzembe

Je, wananchi wavumilie tu? Sivyo. Tarehe 29 Aprili 2007, huko Oakland, Marekani, lori lenye petroli lita 32,500 hivi liliungua katika makutano ya barabara za juu. Barabara ya juu iliyeyuka nguvu na kuiangukia ya chini. Ile ya chini ilipimwa, ikatengenezwa na kufunguliwa tarehe 7 Mei. Ya juu ilijengwa upya na kufunguliwa katika siku 26. Mkandarasi aliahidiwa dola 200,000 kwa kila siku atakayoiokoa, kwa kikomo cha dola milioni 5. Huko Philadelphia, daraja la barabara kuu lililoanguka kwa moto wa lori tarehe 11 Juni 2023 lilipatiwa njia ya muda katika siku 12, kwa kujaza pengo kwa kokoto nyepesi za kioo.

Mifano hiyo haisemi kwamba nchi nyingine zina fedha tu. Inaonyesha kwamba vipimo vyenyewe huchukua siku, wala si miezi. Kinachorefusha siku hizo ni chokaa isiyokuwapo karibu, mashine ya kukata zege inayosubiriwa kutoka mbali, michoro ya daraja isiyojulikana iliko, na mabishano kuhusu nani wa kutoa amri. Nchini Tanzania wahusika wanajulikana: TANROADS kwa barabara kuu, TARURA kwa za vijijini na mijini, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mamlaka ya usimamizi wa mazingira, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa kemikali. Mwananchi wa Lipingo ana haki ya kuuliza: shehena ni ipi? Kipimo gani kimekwisha, na kipi kimebaki? Maji yamepimwa lini? Akijibiwa kwa tarakimu, na asubiri. Akikosa jibu, manung'uniko yake yana msingi.

Jaribio kwa shule

Weka kipande cha ganda la yai katika maji ya limau, na kingine katika maji matupu. Tazama mapovu, na kagua ugumu wa vipande vyote viwili baada ya siku mbili. Ganda, kama zege, lina kalisi inayoliwa na asidi.

Maswali

1. Boriti ya chuma ya mita 45 imepashwa joto kwa nyuzi 400. Itarefuka kwa sentimeta ngapi?
2. Lori limemwaga tani 12 za asidi ya sulfuriki. Chokaa iliyozimwa kiasi gani yahitajika?
3. Kwa nini si salama kulifungua daraja la zege mara tu linapopoa?
4. Chora ramani ya mto ulio karibu na shule yenu. Onyesha daraja, mahali watu wanapoteka maji, na nani aarifiwe kwanza ajali ikitokea.